Nchi nzima ikihamia bodaboda na bajaji za umeme, kitakwama nini kwanza?

Kijiwe_Namba9
Wakuu habari za jioni. Kigali tangu Januari 2025 hawasajili tena pikipiki mpya ya petroli kwa biashara ya abiria. Ethiopia nao mwaka 2024 walifunga mlango wa kuingiza magari ya petroli na dizeli. Kwetu Tanzania hakuna katazo, ila za umeme zinazidi kuonekana vijiweni kila mwezi. Naomba majibu ya wenye hesabu, ushabiki tuuweke pembeni. Je, umeme wa kutosha upo? Kijiwe cha pikipiki 20, kila moja ikitembea kilomita 120 kwa siku, kichaji wapi, kwa gharama gani, na kitaharibika nini? Na mwenye kujua haya magari ya umeme ya Nissan Leaf yanayotoka Japani atupe neno.

KokotoaKwanza
Naanza na pesa, maana ndiyo itakayoamua.

Pikipiki ya umeme iliyobeba abiria mmoja hula kati ya wati-saa 30 na 40 kwa kilomita. Chukua 35. Kilomita 120 ni uniti 4.2 kutoka kwenye betri. Chaja nayo hupoteza kama asilimia 12 kwa joto, kwa hiyo LUKU itasoma karibu 4.8. Tarifu 1, ya matumizi ya kawaida, ni shilingi 292 kwa uniti. Ongeza VAT asilimia 18, tozo ya umeme vijijini (REA) 3 na ya mdhibiti (EWURA) 1, unafika 356. Siku moja ni kama 1,700. Petroli kwa umbali huohuo, ukipata kilomita 40 kwa lita, ni lita 3. Lita ikiwa 2,900 unalipa 8,700. Tofauti ni 7,000 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni 182,000. Hiyo ndiyo fedha inayotakiwa kulipa betri, na mtu akikuuzia pikipiki bila kukuonyesha hesabu hii, muache.

Sasa mtego. Watu wengi wa vijiweni wanaishi kwenye nyumba za tarifu 4, matumizi madogo, ambako uniti ni shilingi 100 kabla ya kodi mradi usivuke 75 kwa mwezi. Pikipiki moja peke yake inakula uniti 124. Ukiichaji nyumbani unavuka, zile zinazozidi unazilipa 350 kabla ya kodi, na ukiendelea hivyo unahamishiwa tarifu 1. Nyumba iliyokuwa inatumia uniti 60 kwa 7,320 sasa italipa zaidi ya 21,000 kwa friji na taa zilezile. Kama umepanga na mita ni ya watu wanne, huo ni ugomvi wa uani. Chajia kwenye mita ya biashara, au omba mita yako.

Wakenya tangu 2023 wana bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo vya moto: KSh 16 kwa uniti mchana na 8 usiku mahitaji yakishuka. Kwetu uniti ya saa 8 usiku ina bei ileile ya saa 2 usiku, hivyo hakuna kinachomsukuma mtu kusubiri. Kwa maoni yangu hilo lilipaswa kuja kabla ya msamaha wowote wa kodi.

FundiLaini
Mkuu umeuliza kama umeme upo. Kwenye mabwawa upo. Kwenye nguzo ya mtaani kwenu, hapo ndipo pa kujadili.

Pikipiki milioni moja kwa uniti 4.8 ni wastani wa megawati 200 ukizisambaza saa 24. Bwawa la Nyerere lina mitambo tisa ya megawati 235, jumla 2,115, kwa hiyo hata mtambo mmoja haumaliziki. Lakini zote zikichomekwa saa 1 usiku watu wakirudi, kila chaja ikivuta kilowati 0.95, hiyo ni megawati 950, mitambo minne mizima, na ni saa ileile ya pasi, televisheni na majiko.

Mtaani hali ni ngumu zaidi. Transfoma ya kawaida ya kVA 100 inatoa ampea 144 kwa kila fezi. Chaja zenu 20 ni kilowati 19. Fundi akiwafungia zote kwenye fezi moja kwa sababu kibanda kina waya wa fezi moja, mnavuta ampea 83. Kijiwe kikiwa mita 400 kutoka kwenye transfoma, nyaya za alumini za milimita 50 za mraba zina kama omu 0.64 kwa kilomita. Kwenda na kurudi mnapoteza volti 42, kwa hiyo 230 inakuwa 188. Friji za majirani zitaunguruma bila kuwaka, na chaja zenyewe zitavuta ampea zaidi kufidia. Mzigo uleule ukigawanywa sawa kwenye fezi tatu ni ampea 28 kila moja na volti 7 tu zinapotea.

Na hapo nimekuwa mpole. Chaja za bei rahisi hazina sakiti ya kurekebisha pawa fakta, yaani sehemu ya umeme unaovutwa ambayo inafanya kazi kweli. Nyingi ziko kwenye 0.65. Kilowati 19 inakuwa kVA 29 kwenye waya. Zaidi ya hapo zinachafua wimbi la umeme kiasi kwamba waya wa nyutro unapata moto hata fezi zikiwa sawa. Ukiona nyutro ya kibanda imekuwa nyembamba kuliko fezi, ibadilisheni kabla hamjaanza.

Kwa kijiwe chenu: ombeni fezi tatu, kVA 30. Pikipiki kumi zichaji saa 4 usiku hadi saa 8, kumi nyingine saa 8 hadi saa 12 asubuhi. Taima mbili na kontakta mbili (swichi za mzigo mkubwa zinazowashwa na taima) zinatosha, hamhitaji programu ya simu.

Seli_24
Betri sasa, maana ndiko pesa inakolala.

Zinazokuja kwa wingi zinaitwa "72V" lakini si kitu kimoja. Ya LFP (lithiamu ya chuma na fosfeti) yenye seli 24 ikijaa inafika volti 87.6. Ya NMC (lithiamu ya nikeli, manganizi na kobalti) yenye seli 20 ikijaa ni 84. Plagi zinafanana. Ukichomeka chaja ya 87.6 kwenye betri ya NMC, kila seli inasukumwa hadi 4.38 badala ya 4.20. BMS nzuri, ile sakiti inayolinda betri, itakata. BMS ya bei chee yenye mosfeti (swichi yake ya kielektroniki) iliyoshikana haitakata, na huo ndio moto wenyewe. Kijiwe cha pikipiki 20 kiwe na aina moja tu ya betri, basi.

LFP ya seli 24 yenye ampea-saa 45 ni uniti 3.4 hivi. Ukitumia asilimia 85 unapata kilomita 84, siyo 120. Kwa hiyo ratiba ya FundiLaini haikamiliki bila kuchaji tena mchana: kama saa moja na nusu kwa chaja ya ampea 10, wakati abiria wamepungua. Au mfumo wa kubadilishana betri, ambao ni mzuri mpaka ugundue betri ya kampuni moja haiingii kwenye pikipiki ya nyingine. Serikali ikitaka kuharakisha jambo hili nchi nzima, ianze na umbo la betri na plagi.

Kinachoua betri mapema huku kwetu: kuichaji ikiwa moto. Imetoka mlimani na watu wawili na gunia, inachomekwa palepale juani. Ipumzishe nusu saa kivulini. Cha pili ni mtikisiko. Barabara ya makorongo inalegeza boliti za temino, mguso mbaya unaleta joto, plastiki ya kiunganishi inaanza kugeuka kahawia. Kila wiki mbili zima swichi kuu, kagua rangi, kaza. Cha tatu ni mashine za kuoshea zenye presha. Maji yakiingia kwenye kontrola, kifaa kinachoongoza mota, hayatoki.

Bajaji zenye betri za asidi ni habari nyingine. Bei ya kununua inavutia, lakini ukizimaliza kila siku hadi mwisho, mizunguko 300 ni bahati. Hiyo haifiki mwaka.

MtuWaGesi
Msisahau kwamba Dar mpinzani wa bajaji ya umeme ni bajaji ya gesi. Kilo ni kama 1,550, na gereji za kufunga mitungi zipo. Udhaifu wake ni foleni ya vituo, na ukitoka Dar vituo vinapungua haraka. Mikoani umeme una nafasi kubwa zaidi kwa sababu nguzo zimeshafika.

KokotoaKwanza
Kweli. Kuna na upande wa barabara: tozo ya lita ndiyo inayolisha Mfuko wa Barabara. Kila lita 3 zinazoachwa, mfuko unapungua. Siku moja itabidi walipe wa umeme pia, hivyo usipige hesabu ya miaka kumi kana kwamba msamaha ni wa milele.

Seli_24
Kuhusu Leaf: haina mfumo wa kupoza betri, hivyo joto linaitafuna. Kwenye dashibodi kuna vipau 12 vidogo vya afya ya betri, pembeni ya vile vya chaji. Kipau cha kwanza kikipotea umeshapoteza kama asilimia 15. Ya uniti 24 iliyobaki na asilimia 70 inakupa kama kilomita 100. Kwa mizunguko ya mjini sawa. Dar hadi Morogoro haifiki. Omba muuzaji picha ya vipau gari likiwa limewashwa. Nyumbani usitumie soketi ya kawaida ya ampea 13 usiku kucha, inaweza kuyeyuka. Vuta waya wake wa milimita 4 za mraba kutoka kwenye meni swichi na breka ya ampea 20, na hakikisha waya wa ardhini upo. Bila huo, kebo nyingi za kuchajia hukataa kuanza na watu hudhani gari ni bovu.

Kijiwe_Namba9
Nimewaelewa, shukrani. Swali la mwisho: chaja zilizopo kijiweni zimechanganyika, nitajuaje ipi ni ya 84 na ipi ni ya 87.6?

Seli_24
Chomeka chaja ukutani bila betri, pima mdomo wa kutolea kwa mita, upande wa DC, skeli ya 200. Utasoma 84 au 87.6 moja kwa moja. Iandike kwa rangi ya kudumu juu ya chaja. Nyingine hazitoi volti mpaka zione betri, hizo utasoma kibandiko. Kama kibandiko kimefutika, usiichomeke.