Mjadala: Begum Ra'ana wa Pakistan aliwafungulia wanawake njia, au alibebwa na jina la mume?

Mleta mada: Wadau, kila akitajwa Begum Ra'ana Liaquat Ali Khan watu hugawanyika. Upande mmoja utasikia: mwanamke wa kwanza Pakistan kuwa balozi, Uholanzi mwaka 1954, kisha Italia na Tunisia; tena mwanamke wa kwanza kuwa gavana, jimbo la Sindh, 1973 hadi 1976. Upande wa pili: huyo si mke wa waziri mkuu wa kwanza? Angekuwa mtoto wa kapuku nani angemjua?

Jina lilimsaidia, sibishi. Ila kabla ya ndoa alikuwa mwalimu wa uchumi katika chuo cha Indraprastha, Delhi, na mumewe, Liaquat, aliuawa kwa risasi Rawalpindi Oktoba 1951, miaka mitatu kabla ya ubalozi. Mimi nampima kwa APWA, chama cha wanawake alichokianzisha 1949. Kilibezwa kuwa ni kijiwe cha mabegum, yaani wake wa wakubwa, wa chai na biskuti. Haya, mwaka 1955 Waziri Mkuu Mohammad Ali Bogra akamwoa katibu wake, mke wa pili. Mabegum haohao wakamjia juu, na mwaka huohuo ikaundwa tume ya kuchunguza sheria za ndoa. Sheria ikatoka 1961: ndoa isajiliwe, umri wa msichana kuolewa upandishwe kutoka 14 hadi 16, na anayetaka kuongeza mke aombe kibali kwa baraza la usuluhishi. Akikaidi, kifungo hadi mwaka mmoja au faini hadi rupia 5,000, au vyote viwili. Ra'ana alikuwa nje kikazi miaka hiyo, lakini chama kilikuwa chake.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, umeruka kitu. Sheria hiyo haikupita bungeni. Aliitoa Jenerali Ayub Khan kwa amri, nchi ikiwa chini ya jeshi. Ubalozi wa Ra'ana, uteuzi. Ugavana, uteuzi wa Bhutto, rais wa wakati huo. Ukitaka mwanamke aliyejitosa ulingoni, mtaje Fatima Jinnah. Januari 1965 alipambana na huyohuyo Ayub kugombea urais. Wapiga kura walikuwa wajumbe 80,000 tu nchi nzima, watu rahisi kuwekwa mfukoni na serikali, na bado akampiku Karachi na Dhaka (wakati huo Pakistan Mashariki).

Mchangiaji wa pili: Na Fatima ni dada wa Muhammad Ali Jinnah, mwasisi wa taifa. Mmoja kabebwa na mume, mwingine na kaka. Tuendelee tu 😂

Mleta mada: Nakubali kuhusu kura. Lakini tazama nani walimuunga mkono Fatima. Jamaat-e-Islami, chama cha Kiislamu cha Maududi, walikuwamo, na muungano wao wa upinzani uliahidi kuirekebisha sheria hiyohiyo ya familia. Kwa hiyo sanduku la kura nalo lingeweza kuwapokonya wanawake walichokipata. Sisifii amri za majenerali: Zia-ul-Haq alitumia kalamu ileile mwaka 1979 kuleta sheria za Hudood, za makosa kama zinaa, zilizowabana wanawake. Na Ra'ana, bibi wa miaka sabini na kitu, alimpinga hadharani. Mteule wa kujipendekeza angekaa kimya ale pensheni yake.

Mchangiaji wa tatu: Mnabishana kuhusu majina, mimi naangalia sheria yenyewe. Mume akioa bila kibali, ndoa ya pili haibatiliki. Atashtakiwa, pengine atalipa faini, na mke mdogo anabaki nyumbani. Kwa mwenye shamba kubwa kule Punjab, faini hiyo ya rupia 5,000 ilikuwa nini? Na mke ambaye ndoa yake haikusajiliwa atasimama na karatasi gani mbele ya baraza? Mleta mada, nijibu hilo kwanza, halafu turudi kwa mabalozi.