Fonografu niliyoirithi kwa babu: ni ya aina gani, na ukarabati uanzie wapi?

Mrithi wa Pembe

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Nimerithi kwa marehemu babu mashine ya zamani ya kuchezea sauti, na ningependa kuitambua vizuri kabla bisibisi haijaigusa. Ni sanduku la mwaloni lenye mfuniko wa mviringo, hendeli yake imechomekwa ubavuni upande wa kulia, na pembe yake ni ya bati jeusi lililochanua kama ua. Haina sahani ya kuwekea santuri. Badala yake kuna bomba la chuma kinachong'aa, lililolala na kupungua unene kuelekea ncha moja, na mbele ya sanduku pameandikwa "Edison" kwa rangi ya dhahabu. Nimekuta pia makopo ya karatasi ngumu yenye silinda, baadhi nyeusi na baadhi za buluu.

Nikiitia ufunguo huanza kuzunguka vizuri, kisha husikika mshindo ndani ya sanduku na mwendo ukaanza kuyumba. Sijathubutu kuvisha silinda yoyote. Jirani amenishauri nikwangue vanishi yote na kupaka mpya ili ing'ae. Naomba ushauri wenu.

Fundi Kamani

Ndugu, umefanya vyema sana kutovisha silinda, kwa sababu hapo ndipo urithi wa namna hii huharibika kwa dakika moja.

Hiyo ni fonografu ya Edison. Thomas Edison alitengeneza ya kwanza mwaka 1877, ikirekodi kwenye karatasi ya bati, na miaka kumi baadaye Emile Berliner akaja na santuri bapa. Kwa muda mrefu silinda na santuri zilishindana sokoni, hadi kampuni ya Edison ilipoacha biashara ya kurekodi mwaka 1929. Kwa hiyo tunajua ukingo wa mwisho. Uliobaki ni kujua mashine yako iko wapi ndani ya kipindi hicho.

Fungua mfuniko utafute bamba dogo la chuma juu ya mtambo. Bamba hilo hubeba jina la aina, herufi ya toleo, namba ya mashine na orodha ya tarehe za hataza, yaani haki za uvumbuzi. Wengi huisoma tarehe ya mwisho kana kwamba ndiyo mwaka wa kutengenezwa, ilhali maana yake ni kwamba mashine haiwezi kuwa ya kabla ya siku hiyo. Inaweza kuwa ya miaka kadhaa baadaye. Kwa majina ya aina, Gem ndiyo ndogo kuliko zote, kisha Standard, kisha Home, na Triumph ni kubwa yenye kamani tatu, yaani springi za kuendeshea mtambo.

Silinda nazo zina mengi ya kusema. Za nta nyeusi zilizomiminwa kwenye kalibu zilianza kuuzwa mwaka 1902, zikicheza kwa takriban dakika mbili, zikiwa na mifereji 100 katika kila inchi. Mwaka 1908 zilikuja za dakika nne zenye mifereji 200 kwa inchi, nazo pia zilikuwa za nta nyeusi, hivyo rangi peke yake haitoshi: tafuta alama ya "4M" ukingoni. Za buluu ni za kuanzia mwaka 1912, za seluloidi juu ya kiini cha plasta, na zote ni za dakika nne. Ukiicheza silinda ya dakika nne kwa gia na kichwa cha sauti (kifaa kinachosoma mifereji kwa kijiwe chake) cha dakika mbili, kijiwe kitakwangua mifereji na hakuna namna ya kuirudisha.

Tazama basi herufi iliyochongwa kwenye kichwa cha sauti. C ni cha dakika mbili, H ni cha dakika nne, na K huchukua zote mbili kwa kugeuzwa.

Mrithi wa Pembe

Nashukuru sana. Bamba linasema ni Standard, toleo D. Kichwa kilichofungwa kwenye mashine kina herufi C, na kingine chenye H nimekikuta kimefungwa kwa kitambaa ndani ya kopo mojawapo. Je, mshindo ule ni dalili kwamba kamani imekatika?

Saa na Mitambo

Ingekuwa imekatika, hendeli ingezunguka bure bila kushika. Toleo D lilitengenezwa na gia za dakika mbili na nne pamoja, kwa hiyo vichwa vyote viwili ni vya mashine hiyo, vitunze.

Mshindo unatokana na grisi ya zamani iliyokauka ndani ya ngoma ya kamani. Mikunjo ya kamani hugandana, kisha huachana kwa ghafla, na kila inapoachana mwendo huruka. Tiba yake ni kuitoa kamani, kuiosha kwa mafuta ya taa na kuipaka grisi mpya. Nasisitiza kwa moyo wote kwamba kazi hiyo haifai kujifunzia. Hata ufunguo ukiwa umeisha wote, kamani iliyo ndani ya ngoma bado imejikaza, na ikichomoka ovyo inaweza kukata vidole. Mpelekee fundi wa saa aliyezoea kamani kubwa.

Yaliyobaki unaweza kuyafanya mwenyewe. Mtazame kwa makini gavana, kidhibiti cha mwendo: ni vipande vitatu vya uzito vilivyoshikwa na springi nyembamba, ambavyo vikizunguka hutanuka na kulivuta bamba la duara hadi liguse kipande kidogo cha ngozi au sufi. Kipande hicho kikikauka, mwendo huyumba. Tone moja la mafuta mepesi ya mashine linatosha. Kagua pia ukanda wa ngozi unaoliendesha bomba, kwani ukilegea huteleza. Kisha bandika kijikaratasi kwenye bomba uhesabu: mwendo sahihi ni mizunguko 160 kwa dakika, yaani 40 kwa sekunde 15.

Mwisho ni kichwa cha sauti. Mpira unaoshika kiwambo, yaani utando unaotetemeka na kutoa sauti, huwa umekuwa mgumu, na sauti hutoka ikikoroma. Badilisha kwa mpira laini. Kijiwe cha yakuti kitazame kwa kioo cha kukuza, na kama kimemeguka kisiguse silinda yoyote.

Mwaloni Mkongwe

Naomba kuongeza juu ya vanishi, maana ushauri wa jirani unanitia hofu. Usikwangue. Rangi ile ya juu ni sehemu ya umri wa chombo, na jina la dhahabu likiondoka limeondoka. Spiriti pia iwekwe mbali, kwa sababu vanishi ya wakati ule huyeyuka ndani yake. Tumia kitambaa laini chenye unyevu kidogo, ulikwepe lile jina, ukikaushe chuma mara moja, halafu upake nta nyembamba ya samani. Pembe iache na rangi yake hata kama imechubuka.

Mashine itakapokuwa tayari, mtihani wa kwanza uwe kwa silinda ya buluu, ukitumia gia ya dakika nne na kichwa cha H, kwa kuwa seluloidi huvumilia zaidi ya nta. Isipoingia kwa wepesi usiilazimishe, kwani plasta ya ndani hunyonya unyevu ikavimba na inaweza kuipasua. Zile za nta uzishike kwa kuingiza vidole viwili ndani na kuvitanua, usiziguse kwa nje. Na zile zenye madoa meupe ya kuvu uzitenge, kwa sababu kuvu hula nta yenyewe na sauti iliyokuwa mahali pale hairudi.