MREJESHO: GTA San Andreas kwenye PS2 sasa inacheza

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Niliomba msaada humu wa kuirudia GTA San Andreas, gemu ya 2004, kwenye PlayStation 2 (PS2) yangu: diski ilikuwa inakwama, picha ina ukungu kwenye TV bapa, na misheni ya kuifukuza treni kwa pikipiki ilinishinda tangu enzi hizo.

Diski niliifuta kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, bila kuzungusha. Haikwami tena. Waya wa komponenti, ule wa plagi tano, umeondoa ukungu mwingi, ingawa kingo za magari bado zina ngazingazi.

Sasa treni! Uliyeniambia nisiibane treni, nikae kulia kwa umbali kidogo ili Big Smoke, mwenzangu anayepiga risasi nyuma ya pikipiki, apate pembe ya kuwalenga wale Vagos (genge la maadui) juu ya mabehewa, ubarikiwe sana. Mmoja baada ya mwingine walidondoka wote wanne, nikapiga kelele nyumba nzima ikasikia.

Kilichogoma ni memori kadi ya zamani, ile ya kuhifadhia gemu ulipofikia. Nimesafisha meno yake, bado haisomeki, kwa hiyo nilianza gemu upya kule mtaa wa Grove Street na kadi nyingine ya MB 8. Asanteni sana, wakuu.