Mrejesho: ile sheria mpya ya idara kuhusu tasnifu za uzamili

Niliuliza hapa mwezi jana kama mwenyekiti wa idara anaweza kuamka tu aseme wa masters wote tuchapishe pepa mbili kwenye majarida ya kitaaluma ndio turuhusiwe kudifendi (kutetea) tasnifu. Wengi mliniambia niende niulize seneti ya chuo, ile inayopitisha sheria za masomo, ilipitisha lini. Asanteni sana, kweli.

Nikaandika barua, nikapeleka kwa kamati ya uzamili ya idara, kimya wiki mbili, nikapeleka kwa mkuu wa kitivo (dean) na kopi shule ya wahitimu, hapo ndio mambo yakasonga. Kumbe hiyo sheria haikuwa imefika hata bodi ya kitivo, seneti ndio kabisa! Na miongozo ya 2014 ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya (CUE) ilitaka pepa moja kwa uzamili, mbili ni za uzamivu (PhD).

Bodi imeketi juzi, wahadhiri wenyewe wakaikataa, na mwakilishi wetu wa wanafunzi alikuwa ndani akasikia yote. Mimi nadifendi mwezi ujao. Kilichoniuma ni wenzangu wawili walishalipa karo ya semista nzima zaidi wakingojea jarida liwajibu, na hiyo pesa bado tunaifuatilia.