Mjadala: Mahali halisi pa viumbe adimu, patangazwe au pafichwe?

Mwanzisha mada

Hoja yangu ni nyembamba, naomba isipanuliwe. Koodineti kamili, yaani namba za latitudo na longitudo, za spishi adimu yenye soko (mijusi, kobe, okidi, mitapo yenye sura ya mnazi mfupi, simbi za baharini) zisionekane hadharani: si kwenye makala, si kwenye jedwali la nyongeza, si kwenye kanzidata ya wazi. Spishi isiyo na mnunuzi haimo humu.

Ushahidi upo. Mjusi Goniurosaurus luii wa kusini mwa China alielezwa kisayansi mwaka 1999. Kufikia 2006 jarida la Science lilikuwa limechapisha taarifa kwamba pale pale alipoelezewa hayupo tena. Wakusanyaji walifika na wakamaliza. Kobe mwenye shingo ndefu wa kisiwa cha Roti, Indonesia, Chelodina mccordi, alipewa jina 1994 na yeye akaandamwa hadi karibu kwisha porini. Walioeleza spishi mbili mpya za Goniurosaurus mwaka 2015 hawakutaja mahali kabisa: taarifa walizikabidhi kwa mamlaka za serikali, na mtafiti mwenye sababu anaziomba. Wanaikolojia David Lindenmayer na Ben Scheele walilisemea jambo hili katika Science mwaka 2017, na wakajibiwa kwa ukali na wanaotaka data iwe wazi.

Pendekezo: koodineti za kila spishi yenye soko zikadiriwe hadi digrii 0.1 iliyo karibu, basi.

Mchora ramani

Hilo "basi" ndilo tatizo. Kwenye ikweta digrii 0.1 ni kama kilomita 11, 0.01 ni kilomita 1.1, 0.001 ni mita 111. Mwongozo unaotumika kwa data za GBIF, kanzidata ya wazi ya kimataifa ya rekodi za viumbe, hauweki spishi zote nyeti kapu moja. Una madaraja manne. La kwanza halitolewi koodineti kabisa, yanayofuata ni 0.1, 0.01 na 0.001, kulingana na ukubwa wa hatari. Kuipiga kila kitu 0.1 ni kukwepa kazi ya kupima hatari yenyewe.

Halafu kuna namna ya kuficha, na hapa ndipo data nyingi huharibika kimyakimya.

Wengi hukata tarakimu badala ya kukadiria. Ukikata -6.7891 ikabaki -6.7, nukta imehamia kaskazini karibu kilomita 10, na nukta zako zote zinahamia upande huo huo. Ukikadiria kwa tarakimu iliyo karibu unapata -6.8, na kosa kubwa linalowezekana ni nusu ya ulalo wa mraba, yaani karibu kilomita 8. Namba hiyo ya 8,000 m lazima iandikwe kwenye safu ya mashaka ya koodineti, na sababu ya kukadiria iandikwe kwenye safu yake. Ukiiacha tupu, mtu wa modeli, anayebashiri makazi ya spishi kwa kompyuta, atachukua -6.8 na 39.3 kama sehemu halisi. Anayeandika -6.80000 anafanya vibaya zaidi: tarakimu tano zinadai usahihi wa mita moja, usahihi ambao hata GPS ya mkononi haina, chini ya miti minene ndiyo kabisa.

Wengine huongeza kelele ya nasibu, wanadhani ni salama zaidi. Ni kinyume. Spishi isiyohama ikiwa na rekodi 100, kila moja imesukumwa ovyo upande wake, chukua wastani tu: kosa linashuka hadi sehemu moja ya kumi. Kukadiria hakuna udhaifu huo, maana rekodi zote zinaangukia namba ile ile.

La pembeni kidogo: kabla ya kugombania siri, tazameni datamu, yaani mfumo wa msingi ambao koodineti za ramani zimepimiwa. Ramani nyingi za zamani za Kenya na Tanzania zimechorwa kwa Arc 1960. Ukisoma koodineti humo kisha ukaziingiza kama WGS84, datamu ya GPS, unakosea kwa karibu mita 300. Ziko "koodineti kamili" nyingi ambazo zimekwisha kujificha zenyewe.

Mtu wa tathmini za mazingira

Napinga hoja yote. Swali ni siri hii inamficha nani. Mwindaji hafungui kanzidata ya sayansi. Anamuuliza mchunga ng'ombe. Anayeifungua ni mtu kama mimi, aliyepewa wiki chache kutazama barabara itapita wapi. Nikikuta mraba wa kilomita 11 wenye spishi iliyo hatarini, siwezi kusema kama mtambo utapita juu yake au kilomita 9 kando. Mwenye mradi ataandika "spishi imeripotiwa katika eneo pana" na kazi itaendelea.

Mfano ni chura wa Kihansi, Tanzania. Aligunduliwa 1996, ujenzi wa bwawa la umeme ukiwa umeshaanza. Makazi yake yote duniani yalikuwa karibu hekta 2 za uoto uliolowa kwa manyunyu ya maporomoko. Maji yalipochepushwa mwaka 2000, manyunyu yakakoma, ikabidi kufungwa mabomba ya kunyunyizia. Mabomba hayo yasingeweza kuwekwa kwa ramani ya digrii 0.1, hekta 2 ni mraba wa mita 140 tu kila upande. Chura mwenyewe alitangazwa kutoweka porini 2009, na ugonjwa wa kuvu ulikuwa na mkono wake, lakini hata hicho kilichojaribiwa kilitegemea mtu kujua mahali kwa mita.

Mwanzisha mada

Chura wa Kihansi hakuwa na soko. Nilisema hoja ni nyembamba.

Mtu wa tathmini za mazingira

Soko halitoi taarifa kabla ya kuanza, mkuu. Ukisubiri mnunuzi aonekane ndipo ufiche, koodineti ziko nje miaka kumi tayari na nakala zimesambaa. Kwa hiyo ama unaficha kila kitu ama unakubali kwamba orodha yako itachelewa daima. Chagua.

Mtu wa mimea

Wote wawili mnazungumzia koodineti kana kwamba ndizo pekee zinazovujisha. Katika hebaria nyingi, yaani makusanyo ya mimea iliyokaushwa, nimeona safu ya koodineti imefutwa vizuri, na kando yake maandishi ya lebo yamebaki: "mita 300 kusini mwa daraja, ukingo wa kulia wa mto, kwenye mwamba wa chokaa, mwinuko 412 m." Hapo umeficha nini? Mwinuko peke yake, ukiwa na ramani ya kontua na aina ya mwamba, unabakiza vijisehemu vichache tu vya kutafuta.

Kuna na namba za mkusanyaji. Sampuli 512 imefichwa. 511 na 513 ziko wazi, tarehe moja, mtu mmoja. Anayejua mkusanyaji hutembea kwa miguu atachora mstari kati ya hizo mbili. iNaturalist, jukwaa ambako umma huweka picha na rekodi za viumbe, waliliona hili: rekodi ya spishi iliyofichwa hurushwa popote ndani ya mraba wa digrii 0.2 kwa 0.2, na tarehe hubaki mwezi na mwaka tu. Makumbusho nyingi bado zinaonyesha tarehe kamili.

Ukaguzi ninaoufanya kabla ya kutoa seti ya data ni huu: safu ya koodineti, maelezo ya mahali, mwinuko, namba ya shambani, tarehe, jina la mkusanyaji, taarifa zilizofichwa ndani ya faili la picha, na picha yenyewe. Hilo la mwisho husahauliwa. Ukifuta taarifa za faili lakini nyuma ya okidi kuna kilele kinachotambulika, umefanya kazi bure.

Hata hivyo sipo upande wa kufungua kila kitu. Msonobari wa Wollemi wa New South Wales, Australia, uligunduliwa 1994, miti mizima haifiki 100, na mahali pake ni siri hadi leo. Siri haikuziba kila tundu: mwaka 2005 vimelea vya Phytophthora cinnamomi, vinavyoozesha mizizi, vilikutwa pale, na dhana kubwa ni kwamba viliingia na viatu vya wageni wasioruhusiwa. Lakini miti haikung'olewa. Sababu moja ni siri, nyingine ni kwamba miche iliyozalishwa bustanini ilianza kuuzwa kwa umma 2006. Mnunuzi alipata pa kununulia. Anayeficha mtapo bila kuzalisha miche anaongeza thamani ya kile anachokificha, na mtapo hukua polepole mno kwa pengo kujazika.

Msitu na mijusi

Naongeza msitu wa Kimboza, Tanzania, maana unawasuta wote. Mjusi wa buluu, Lygodactylus williamsi, anaishi kwenye mikadi, mimea yenye majani marefu ya miiba, katika misitu michache chini ya milima ya Uluguru, na Kimboza penyewe ni kama kilomita 4 za mraba tu. Kati ya 2004 na 2009 walikusanywa zaidi ya 30,000 kwa biashara ya wanyama wa kufugwa ndani, na ili kuwafikia watu walikuwa wanakata mkadi mzima. Jina la msitu lilikuwa kwenye maelezo ya kisayansi tangu 1952. Miaka hamsini pako wazi, bila uvunaji wa namna hii. Soko lilipofunguka, maelfu hayo yaliondolewa kwa miaka mitano. Digrii 0.1 ingesaidia nini? Mraba wa kilomita 11 unaumeza msitu wote, na mkadi unaonekana kwa macho. Kilichobadilisha mambo ni biashara kubanwa: CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya spishi zilizo hatarini, ilimweka Kiambatisho cha I, chenye masharti makali kuliko yote, katika mkutano wa 2016.

Mwanzisha mada

Sawa, Kimboza nakubali siri isingetosha. Lakini kutotosha si kutosaidia. Spishi iliyotawanyika kwenye vilima kumi, ukimpa mkusanyaji mraba badala ya nukta, unamlazimisha akae siku nyingi, alale kijijini, aulizie. Anayeulizia anaonekana. Gharama ya kutafuta ndiyo ulinzi.

Fukwe na kasa

Hesabu ya mraba inakufa ukifika pwani. Chukua mraba wa kilomita 11 unaokatwa na ufuko: nusu ni bahari, sehemu kubwa ya iliyobaki ni nchi kavu ambako kasa hatagi. Kinachobaki ni mstari wa mchanga wa kilomita 11, tena utoe mikoko, utoe majabali, utoe maeneo yenye taa. Unabaki na vipande viwili vitatu vya kutembea usiku mmoja. Spishi yoyote ya ukanda mwembamba (ufuko, kingo za mto, mstari wa maji kupwa) inahitaji aidha daraja la kwanza, yaani usitoe, au kipimo kingine kabisa: toa jina la wilaya, au urefu wote wa pwani husika.

Njia nyingine ni muda badala ya umbali. Kiota cha kasa wa kijani hukaa takriban siku 50 hadi 60 kabla ya makinda kutoka, kwa hiyo nukta ya kiota iliyocheleweshwa siku 90 haina yai la kuibiwa. Ila angalieni mtego: jike hutaga mara kadhaa katika msimu mmoja, kila baada ya wiki mbili hivi, na hurudi ufuko ule ule au wa jirani baada ya miaka michache. Ucheleweshaji unalinda kiota. Ufuko hauulindi, na jike mwenyewe haumlindi. Ng'amba, ambaye magamba yake yana soko, ningecheleweshea msimu mzima, na hata hapo ningetoa idadi ya viota kwa ufuko badala ya nukta mojamoja.

Wenye ramani za moja kwa moja za kasa waliofungwa vifaa vya setilaiti wafikirie vivyo hivyo. Jike akiwa bahari kuu, onyesha. Akianza kuzunguka karibu na ufuko mmoja, zima ramani ya umma.

Mchora ramani

Hapo kwa kasa nakuunga mkono, na nachelea pia watu wa modeli. Milimani, mraba wa kilomita 11 unaweza kubeba tofauti ya mwinuko wa mita 1,000, ambayo ni kama nyuzi 6 za joto. Mtu akijenga ramani ya makazi kwa nukta za namna hiyo atapata spishi ya ukungu inayoishi kwenye mashamba ya mkonge. Suluhisho si kufungua: mwenye data anaweza kuchomoa thamani za mazingira (joto, mvua, mteremko, umbali na maji) kwenye koodineti halisi, kisha akatoa jedwali lile bila koodineti. Ila zisiwe na tarakimu nyingi. Mwinuko wa 412, mteremko wa 23.7 na umbali wa mita 86 kutoka mtoni, ukiviunganisha, ni koodineti kwa jina lingine. Weka mwinuko kwa hatua za mita 50.

Mtu wa tathmini za mazingira

Nataka jibu la jambo moja kutoka kwa wote wanaosema "mwenye sababu aombe". Nani atajibu ombi? Barua pepe iliyo kwenye makala ni ya mwanafunzi aliyekwisha hitimu. Mtunza mkusanyiko amestaafu. Koodineti halisi ziko kwenye kompyuta ya mtu mmoja. Msitu unalimwa na rekodi bado "imelindwa". Kila anayeficha aandike mambo manne kwenye seti ya data yenyewe: ofisi inayoshika nakala kamili (ofisi, si mtu), siku ngapi ombi litajibiwa, nani hahitaji kuomba (mlinzi wa hifadhi, kijiji chenye msitu, mamlaka ya tathmini), na tarehe ya kupitia upya uamuzi. Bila hayo manne nitaendelea kuiita data iliyopotea.

Mwanzisha mada

Manne nayachukua. La tatu nalibishia kwa kijiji: kijiji si mtu mmoja, na kikulacho ki nguoni mwako.

Msitu na mijusi

Kijiji kilikupeleka hadi kwenye mti, ndugu. Unamficha aliyekuonyesha?