Ushauri: mke wangu anabadilisha jina kwenye pasipoti ya India tukiwa Mombasa, wiki sita zinatosha?

Mtu wa Tudor (mleta uzi)
Asalaam aleikum wakuu. Naomba ushauri wa haraka, usingizi umenipaa. Mke wangu ni mzaliwa wa Bhuj, Gujarat. Tulifunga nikaha 2016 hapa Mombasa, cheti cha ndoa tukakichukua 2020. Pasipoti yake ya India bado ina jina la kwao, na ukurasa wa mwisho nafasi ya jina la mume iko tupu. Tunataka jina jipya liingie. Mdogo wake anaoa, safari ni wiki sita kutoka leo na tiketi tumeshakata. Fomu ya mtandaoni nimeshamjazia mwenyewe, Jumanne tuna miadi. Swali ni moja tu: muda unatosha? Na huwa kinakwama kitu gani?

Karani wa Zamani
Waaleikum salaam. India hawarekebishi pasipoti. Hakuna anayefuta jina kwenye kitabu cha zamani akaandika jingine. Kitabu kinatolewa upya, namba mpya, miaka kumi mipya kwa mtu mzima. Kwenye fomu unachagua kutolewa upya, sababu yako ni mabadiliko ya taarifa binafsi, halafu unatia alama kila kinachobadilika. Hapo ndipo watu huteleza. Mtu anatia alama kwenye jina la mume, jina lake mwenyewe analiandika jipya bila kutia alama. Karani akilinganisha, fomu inarudi nyumbani.

Beba pasipoti yenyewe, nakala ya kurasa mbili za mwanzo na mbili za mwisho, cheti cha ndoa asili pamoja na nakala, nakala ya pasipoti yako wewe mume, uthibitisho kwamba anakaa Kenya kihalali, na picha za mandhari nyeupe bila miwani. Sahihi ikae ndani ya kisanduku. Ikivuka mstari, chapisha upya, usibishane na mtu dirishani.

Kitabu cha zamani hukatwa kona na kurudishwa. Kama kina viza iliyo hai, anasafiri na vyote viwili.

Kuhusu wiki sita: kinachokula muda ni uhakiki wa polisi kule India, sio kuchapisha. Wakiamua kuhakiki, askari anakwenda kwenye anuani aliyoiandika. Akikuta nyumba iliuzwa na majirani hawamjui, faili linalala. Kwa hiyo anuani ya Bhuj iwe ya nyumba yenye mtu atakayefungua mlango.

Shekhe Mtandao
Mleta uzi umeulizia muda, mimi nauliza jambo kubwa zaidi. Kwa nini abadilishe jina? Mwanamke wa Kiislamu ananasibishwa kwa baba yake mpaka kaburini. Haya ya kubeba jina la mume tumeyatoa wapi?

Mtu wa Tudor
Shekhe, hilo tutalizungumza msikitini. Mimi nina Jumanne.

Bint Ngamiani
Shekhe kauliza kwa ukali lakini ndani yake mna faida. Hayo ni mambo mawili tofauti, mleta uzi ameyachanganya. Kubadili jina lake ni jambo moja. Kuingiza jina la mume ukurasa wa mwisho ni jingine kabisa. Sheria ya India haimlazimishi mke kubadili jina. Anaweza kubaki na jina la baba yake na wewe ukaandikwa kama mume, basi. Kitabu bado kinatolewa upya, lakini jina halitagongana na cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na akaunti ya benki kule kwao. Akibadili jina, kila kimoja cha hivyo kitamdai maelezo.

Dafrao
Mnapitia Dubai? Angalia jina lake limekaaje. Pasipoti nyingi za India zina majina yote kwenye nafasi ya jina la kupewa na nafasi ya ukoo iko tupu. Tangu Novemba 2022 Falme za Kiarabu hazimpokei mgeni mwenye jina moja tu kwenye pasipoti anayekwenda kwa viza ya matembezi. Ikiwa jina la baba au la ukoo limeandikwa ukurasa wa pili, huwa wanakubali. Ila kama kitabu kinatolewa upya, jaza nafasi ya ukoo sasa hivi umalize.

Mzee wa Gazeti
Nimesubiri mtu aseme kuhusu matangazo ya gazeti, sioni. Kubadili jina kwa sababu isiyo ndoa kunataka kiapo, tangazo kwenye gazeti la mahali unapoishi, tangazo jingine kwenye gazeti la eneo la anuani yako ya kudumu India, na hati mbili za umma zenye jina jipya. Kata ukurasa mzima wa gazeti ili tarehe na jina la gazeti vionekane. Kipande chenye tangazo peke yake hakina maana. Na herufi za kwenye tangazo zilingane na za kwenye kiapo moja baada ya moja. "Mohamed" huku na "Mohammed" kule, umelipia tangazo bure. Kwa waliotalikiana, hukumu ya talaka iwe nakala iliyothibitishwa na mahakama. Aliyeolewa tena anapeleka na hukumu hiyo, au cheti cha kifo cha mume wa kwanza, pamoja na cheti cha ndoa mpya.

Mtu wa Tudor
Mzee, hajaachwa na mimi sijafa. Ni ndoa ya kawaida.

Mzee wa Gazeti
Uzi unasomwa na wengi, bwana.

Karani wa Zamani
Mleta uzi, kuna kitu hujakijibu. Nimesema uthibitisho wa kukaa Kenya kihalali. Anakaa kwa kibali gani? Cha tegemezi? Ukaazi wa kudumu? Nambari yake na tarehe ya mwisho ndivyo vitakavyotazamwa.

Mtu wa Tudor
Karatasi zake za huku ziko sawa, hilo lisikusumbue. Mimi nataka kujua upande wa India.

Kalamu Nyekundu
Mimi limenisumbua. Umesema tiketi mmeshakata. Umekata kwa jina gani?

Mtu wa Tudor
Jina jipya. Ndiyo maana nina haraka.

Kalamu Nyekundu
Shirika la ndege linaingiza namba ya pasipoti na jina lake. Jina jipya halipo kwenye pasipoti yoyote bado, sivyo? Au lipo?

Mtu wa Tudor
Sawa. Sikuona kama linahusiana. Mke wangu alisajiliwa kuwa raia wa Kenya 2024 kwa njia ya ndoa, ana pasipoti ya Kenya yenye jina jipya. Kenya inaruhusu uraia wa nchi mbili tangu Katiba ya 2010, kwa hiyo sijavunja kitu. Tunachotaka ni vitabu viwili visome jina moja. Akifika Mumbai anatoa cha India, hapati shida ya viza. Akirudi anatoa cha Kenya. Watu kibao wanafanya.

Bint Ngamiani
Ewe baba.

Karani wa Zamani
Yote niliyokuandikia juu, futa. Hayakuhusu.

Ruhusa ya Kenya inaifunga Kenya. India ina Sheria ya Uraia ya 1955, kifungu cha 9: raia wa India akichukua kwa hiari uraia wa nchi nyingine, iwe kwa kuandikishwa, kwa kusajiliwa au kwa njia nyingine yoyote, uraia wake wa India unakoma. Haungoji barua wala stempu. Siku aliyosajiliwa Nairobi, kule umekwisha. Pasipoti aliyonayo mkononi ni kitabu cha mtu ambaye si raia tena. Unaomba kitabu kitolewe upya kwa asiyestahili hata cha zamani.

Na hiyo fomu uliyomjazia, kuna swali kuhusu uraia wa nchi nyingine. Ulijibu nini?

Mtu wa Tudor
Nilijibu hana. Nilidhani wanauliza kabla ya ndoa.

Kalamu Nyekundu
"Nilidhani wanauliza kabla ya ndoa." Haya.

Sheria ya Pasipoti ya 1967, kifungu cha 12. Taarifa ya uongo au kuficha jambo la msingi: kifungo hadi miaka miwili au faini hadi rupia 5,000, au vyote viwili. Hiyo ni kwa raia. Asiye raia anayepata pasipoti ya India kwa kuficha uraia wake ana kijifungu chake: mwaka mmoja hadi mitano, na faini ya rupia 10,000 hadi 50,000. Anayetia sahihi ni mkeo. Wewe umejaza, yeye ndiye ataulizwa.

Mtu wa Tudor
Lakini ana ardhi ya marehemu baba yake kule. Akirudisha pasipoti si ndiyo imepotea? Hilo ndilo lililonifanya nisiguse. Na tiketi haina marejesho.

Bint Ngamiani
Haipotei kaka. Mwenye asili ya India aliyechukua uraia wa nje anaweza kurithi ardhi, ya kilimo ikiwemo. Asichoweza ni kununua ardhi ya kilimo. Na hilo la kununua hata raia wa India anayeishi ng'ambo amekatazwa. Kwa hiyo pasipoti unayoikumbatia haimlindii kitu kwenye shamba.

Muonja Chai
Wakuu mnahangaika na chai, tena ya tangawizi. Someni tangu juu. Cheti cha ndoa 2020. Uraia kwa ndoa 2024. Katiba ya Kenya ibara ya 15 inataka ndoa ya miaka isiyopungua saba. Nne hiyo. Huyu ama anatunga, ama ni kishoka anakusanya majibu akawauzie watu dirishani. Kwanza mume gani anamjazia mkewe fomu halafu hajui swali la uraia?

Dafrao
Muonja kaonja. Nimehesabu na mimi, nne kweli.

Shekhe Mtandao
Uongo nao ni dhambi, mtandaoni pia.

Mtu wa Tudor
Kishoka ni wewe. Soma vizuri. Nikaha ni 2016. Cheti tulikichukua 2020, lakini ndani yake tarehe ya kufunga ndoa imeandikwa ile ya 2016. Saba imetimia 2023.

Kalamu Nyekundu
Hapo ana haki. Kinachohesabiwa ni tarehe ya ndoa iliyoandikwa ndani, siyo siku karatasi ilipotoka. Hilo la tarehe mbili kwenye cheti kimoja linawachanganya hata makarani, kwa hiyo mleta uzi, popote utakapokipeleka, onyesha kwa kidole.

Muonja Chai
Sawa, ni chai ya rangi basi. Sukari nyingi lakini inanyweka.

Karani wa Zamani
Awe kishoka, awe mume, kifungu cha 9 hakibadiliki. Tuendelee.

Kwanza Jumanne msiende na hiyo fomu. Iliyojazwa tu mtandaoni, haijatiwa sahihi na haijalipiwa dirishani, iacheni ife.

Pili, wasilianeni na Ubalozi wa India Nairobi au ofisi yao ya Mombasa, muulize utaratibu wa kurejesha pasipoti. Wanataka pasipoti ya India asili, nakala ya pasipoti ya Kenya, na nakala ya cheti cha kusajiliwa uraia. Tarehe ya hicho cheti ndiyo wataitazama kwanza. Wanafuta kitabu, wanakurudishia, na wanatoa cheti cha kurejesha. Cheti hicho msikipoteze, kitaombwa kila akigusa kitu cha India maisha yake yote.

Sasa swali gumu. Tangu asajiliwe 2024, ameshasafiri kwa pasipoti ya India?

Mtu wa Tudor
Mara moja. 2025, kumuona mama yake.

Karani wa Zamani
Basi tarajieni adhabu ya fedha juu ya ada ya kawaida. Hupimwa kwa muda aliokaa na kitabu na mara alizokisafiria. Mara moja si mwisho wa dunia. Isemeni wenyewe, muhuri umo ndani ya kitabu na watakifungua mbele yenu.

Kalamu Nyekundu
Na huo mpango wa "India akiingia, Kenya akirudi" uelewe unakatikia wapi. Siku ya kurudi, kaunta ya ndege Mumbai inaona pasipoti ya India inakwenda Kenya bila kibali chochote cha kuingilia. Watamuuliza anaingiaje. Akitoa ya Kenya, tayari ameonyesha pasipoti mbili, na hatua chache mbele kuna uhamiaji. Asipoitoa, hapandi ndege.

Mtu wa Tudor
2025 alikuwa bado na kibali cha zamani kwenye kitabu cha India, hakuulizwa. Kimekwisha sasa.

Sawa, nimeelewa. Harusi je? Ataingiaje?

Bint Ngamiani
Kwa pasipoti ya Kenya na viza ya mtandaoni, Kenya imo kwenye orodha. Tiketi yenu tayari ina jina la pasipoti ya Kenya, kwa hiyo haikupotea, badilisheni tu namba ya pasipoti kama mliweka ya India. Pasipoti iwe na uhai wa miezi sita na kurasa mbili tupu. Kwenye fomu ya viza wanauliza uraia umeupata kwa kuzaliwa au kwa kuandikishwa, na uraia wa zamani. Hapo aandike India. Kule chini wanauliza uraia wa wazazi na mahali pa kuzaliwa. Bhuj, India. Mtu aliyezaliwa Bhuj akajaza kwamba hajawahi kuwa Mhindi anajichongea mwenyewe.

Anzeni na cheti cha kurejesha, viza ifuate.

Dafrao
Baada ya harusi achukue kadi ya OCI (Overseas Citizen of India), ya wenye asili ya India waliochukua uraia wa nje. Dola 275 ukiombea nje ya India. Inampa kuingia na kutoka maisha yote bila viza. Hapigi kura, hashiki wadhifa wa kikatiba, hanunui shamba. Jina lake linasema uraia wa ng'ambo lakini siyo uraia, kwa hiyo haigombani na kifungu cha 9. Kwa wiki sita msiitegemee.

Mzee wa Gazeti
Na jina? Kitabu cha India kina jina la kwao, cha Kenya jina la mume. Kwenye OCI wataona majina mawili. Cheti cha ndoa ndicho daraja, kiambatanishwe. Kwa sababu ni ndoa, hapo sidai gazeti.

Muonja Chai
Mzee leo kasamehe gazeti. Wekeni alama tarehe.

Mtu wa Tudor
Miadi ya Jumanne nimeifuta. Nimepiga simu, kesho tunapeleka kitabu. Mke wangu amesoma uzi wote, amenuna, anasema alinambia tangu 2024.

La mwisho: tulipiga picha nane za pasipoti studio. Zitafaa kwenye viza na OCI?

Bint Ngamiani
Za karatasi weka pembeni, huko unapandisha faili. Kwa viza, picha ya mraba, JPEG, ukubwa kati ya KB 10 na MB 1, na ukurasa wa pasipoti kwa PDF isiyozidi KB 300. Kwa OCI picha nayo ni mraba, na sahihi iwe na upana mara tatu ya kimo chake. Atie sahihi kwa kalamu nyeusi kwenye karatasi isiyo na mistari, upige picha, ukate. Na safari hii sahihi atie yeye, fomu ajaze yeye.