Katuni fupi kwa darasa la kuongea: zisizo na maneno, zenye mazungumzo, au kifurushi cha kulipia?

Chaki_Nyeupe
Wakuu, habari za jioni. Nina darasa la lugha. Kuandika wanaandika vizuri tu, ila nikisema "haya, tuongee" wote wanatazama sakafu. Nimeamua kuwaletea filamu fupi za katuni, nimebaki na njia tatu: zisizo na maneno, zenye mazungumzo, au kifurushi cha kulipia ambacho kila filamu ina mazoezi yake tayari. Mkuu wa kituo anataka jibu kabla ya Ijumaa kwa sababu malipo ni ya mwaka mzima. Nichukue ipi?

Kalamu_ya_Mkaa
Umeandika aya nzima hujasema kitu, mwalimu. Lugha gani? Watoto au watu wazima? Wangapi? Wameshasoma kiasi gani? Na "kuongea" kwako ni kusimulia, kubishana au matamshi?

Bi_Kengele
Mimi sisubiri majibu. Zisizo na maneno. Katuni yenye mazungumzo ni zoezi la kusikiliza tu. Wahusika wameshasema kila kitu, mwanafunzi aongeze nini? Na iwe fupi, dakika mbili hadi tano. Luxo Jr. ya Pixar (1986), ile ya taa mbili za mezani na mpira, ni dakika 2 hivi na mimi inanitosha kipindi kizima.

Mtu_wa_Zamu
Bi Kengele, kwa heshima zote, hapo umeteleza. Mtu hana maneno kichwani unamwonyesha filamu bubu, si watakuwa mabubu wawili? Anayeanza lazima asikie kwanza watu wanavyoombana radhi, wanavyoagana, sauti inavyopanda na kushuka. Cheza sentensi moja, simamisha, airudie. Ndivyo matamshi yanavyoingia.

Bi_Kengele
Maneno unampa kabla. Kumi ubaoni, vitenzi vingi kuliko majina: ruka, sukuma, inama, tikisa kichwa. Sijasema umtupe mtu baharini.

Sauti_ya_Nne
Nitoe ushuhuda kidogo, maana niliwahi kuaibika. Nilichukua katuni yenye mazungumzo, nikazima sauti, nikawaambia wanafunzi waitie sauti zao. Kwenye karatasi lilikuwa zoezi la dakika 20. Kwanza kila kikundi kikaanza kuandika maneno ya kusema. Wakaandika, wakafuta, wakaulizana tahajia, kipindi kikaisha hakuna aliyefungua mdomo. Kipindi cha pili tukacheza filamu: mhusika anafungua mdomo mara moja tu, mwanafunzi wangu ana sentensi ya maneno tisa. Mhusika ameshatoka mlangoni, huku darasani bado anaomba samahani! Wakacheka, nami nikacheka, lakini nilipokaa kuhesabu nikaona wawili waliozoea kuongea ndio walioongea. Wengine walipewa mlio wa mlango na mbwa. Kuna mama mmoja mpole sana, vipindi viwili vizima alichosema ni "hau hau". Sitamsahau.

Kosa halikuwa la katuni, nakiri. Niliwaachia kalamu. Siku hizi kalamu zinakaa kwenye mkoba hadi mwisho.

Chaki_Nyeupe
Samahani wakuu, nilikuwa darasani. Nafundisha Kiswahili kwa wageni, watu wazima 14, ngazi ya A2, yaani wamevuka hatua ya kwanza tu. Projekta ipo, intaneti inakatika ikijisikia. Shida yao kubwa ni kusimulia.

Kalamu_ya_Mkaa
Kiswahili! Ungesema mapema tusingepigana. Hicho kifurushi mazoezi yake ni ya Kiswahili, au yametungwa kwa lugha nyingine wewe ndiye utafsiri? Kama ni la pili, unalipia kazi utakayoifanya mwenyewe. Muulize muuzaji kabla hujamwona mkuu wako.

Kwa kusimulia, fanya hivi. Wakae wawili wawili, mmoja ageuzie skrini mgongo. Anayeona anamtangazia mwenzake kama mtangazaji wa mpira: anaruka, anaanguka, anaondoka. Hapo umepata -na- ya wakati uliopo bila kuitaja. Katikati ya filamu wabadilishane. Mwisho kila mmoja asimulie ile nusu ambayo hakuiona: aliruka, akaanguka, akaondoka. Ukiuliza "mmeona nini?" wakati wote wameona, nani ana haja ya kukujibu?

Mtu_wa_Zamu
Hiyo ya mgongo naikubali, japo kelele za jozi saba zikitangaza kwa pamoja utazisikia usingizini. Ila A2 watakwama kwenye -ka- ya kusimulia, ile ya "akaanguka". Wangu husema "aliingia, aliona, aliruka, alianguka", kama wanaandikisha maelezo polisi.

Bi_Kengele
Ndiyo maana warudie filamu ileile mara tatu, na kila mara abadilishe mwenzake. Mara ya tatu hiyo -ka- inatoka yenyewe.

Sauti_ya_Nne
Swali la pembeni. Hizo taa za Bi Kengele, mwanafunzi aseme "taa ndogo inaruka" au "taa mdogo anaruka"? Mwanafunzi wangu mmoja alining'ang'ania: amefundishwa kwamba chenye uhai kinachukua a-, na taa ile inacheza, inanuna, inaona aibu.

Kalamu_ya_Mkaa
Inaruka. Jiwe likisema kwenye hadithi, bado tunasema "jiwe likasema".

Bi_Kengele
Mpe jina basi. "Bwana Taa ikaruka"? Nani anasema hivyo? Akaruka! Kwenye katuni kitu kikishapata tabia ni mhusika.

Kalamu_ya_Mkaa
"Bwana" ndiye aliyeruka hapo, si taa.

Mtu_wa_Zamu
Chukueni Pingu, ile katuni ya pengwini, tumalize. Pengwini ni mnyama, a- haina ubishi. Wanaongea lugha ya kubuni isiyoeleweka na mtu, kwa hiyo Bi Kengele anapata kimya chake nami napata kiimbo changu: mwanafunzi anasikia hasira, anasikia kubembeleza, anatafuta mwenyewe maneno ya Kiswahili.

Bi_Kengele
Leo umesema la maana.

Chaki_Nyeupe
Nimemwandikia muuzaji. Amejibu kwamba mazoezi "yanafaa kwa lugha zote". Mkuu wa kituo ameniongezea hadi Jumatatu.

Kalamu_ya_Mkaa
"Lugha zote" maana yake hakuna hata moja. Mwombe akuonyeshe somo moja zima.

Sauti_ya_Nne
Na mpira wa zile taa, ulipasuka au alipasuka?

Bi_Kengele
Ulipasuka. Usianze.